Choo Hakihami

Mwaka jana ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi ilitangaza Wiki ya Ustawi wa Wafanyakazi. Tulitumiwa barua pepe yenye picha ya mwanamke aliyekaa kwenye mkeka, macho kayafumba, jua linazama nyuma yake. Chini ya picha kulikuwa na maelekezo: kila mmoja apakue programu ya kuhesabu hatua, na atakayetembea hatua 10,000 kwa siku, siku 5 mfululizo, atapewa fulana na chupa ya maji. Kila mmoja wetu, barua ilisema, achague kuwa na afya.

Barua hiyo iliingia saa 5 na dakika 40 usiku. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa macho, namalizia ripoti ambayo bosi alitaka aikute akiamka.

Nilishiriki. Siku ya tatu, ilipofika saa 4 usiku, simu iliniambia nimefikisha hatua 6,200 tu. Nikaanza kuzunguka chumbani, kitandani mpaka mlangoni, mlangoni mpaka kitandani, kompyuta imewashwa mezani. Nikienda nasoma sentensi moja ya ripoti, nikirudi nasoma nyingine. Ijumaa tukapimwa presha bure kwenye chumba cha mikutano. Yangu ilikuwa 150/96. Nilikuwa na umri wa miaka 28. Muuguzi alinipima mara ya pili, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwa sauti ya chini: "Dada, punguza mawazo. Lala mapema. Hayo ni mambo ya kuchagua mwenyewe."

Fulana niliipata.

Sina ugomvi na muuguzi yule. Alichosema ni kweli, na alikisema kwa huruma. Kilichonikaa kichwani ni lile neno kuchagua. Lilikuwa kwenye barua pepe, lilikuwa kinywani mwa muuguzi, lilikuwa kwenye simu yangu kila asubuhi. Nikajiuliza lilianza lini kuandamana na afya, na nani aliyelileta. Nikaanza kulifuata nyuma. Sikujua kwamba lingenirudisha mpaka nyumbani kwa bibi yangu, mkoani Shinyanga, kwenye shimo ambalo halipo tena.

*

Tuanze na hizo hatua 10,000, maana nilidhani zimetoka maabara.

Mwaka 1965, muda mfupi baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani ilianza kuuza kifaa kidogo cha kuvaa kiunoni. Kiliitwa manpo-kei, maana yake kipima hatua elfu kumi. Namba hiyo ilikuwa jina la bidhaa. Ni namba nzuri, ni rahisi kuikumbuka, na kutembea ni kuzuri kwa kila mtu mwenye miguu ya kutembea. Lakini haikuanza kama matokeo ya utafiti ulioonyesha kwamba aliyefikisha hatua 9,000 kapungukiwa. Ilianza dukani, na karibu miaka 60 baadaye ilikuwa inanizungusha chumbani Dar es Salaam saa 4 usiku.

Wazo kubwa lililobeba barua ile ya ofisini lina baba mwingine. Halbert Dunn alikuwa daktari wa Marekani ambaye kwa miaka mingi aliongoza ofisi ya taifa ya takwimu za vizazi na vifo. Kazi yake ilikuwa kuhesabu waliozaliwa na waliokufa. Nadhani mtu anayehesabu vifo kwa muda mrefu kiasi hicho lazima siku moja ajiulize kuhusu wale ambao hawajafa: wanaishije? Shirika la Afya Duniani, katika katiba yake iliyoanza kutumika Aprili 7, 1948, lilikuwa limeshasema kwamba afya si kukosa ugonjwa tu, bali ni kuwa vizuri kimwili, kiakili na kijamii. Dunn alilichukua wazo hilo akalisukuma mbele. Alitoa mfululizo wa mihadhara katika kanisa moja huko Arlington, Virginia, na mwaka 1961 mihadhara hiyo ikawa kitabu, High-Level Wellness, yaani uzima wa kiwango cha juu.

Kwa Dunn, uzima ni namna ya kuishi inayomwezesha mtu kufikia upeo wa uwezo wake, ndani ya mazingira aliyomo. Naomba msomaji ayashike hayo maneno ya mwisho, ndani ya mazingira aliyomo, kwa sababu yalikuja kudondoka njiani.

Kitabu hakikutikisa dunia. Mwaka 1972 daktari kijana aliyeitwa John Travis alikiokota kwenye rundo la vitabu vya bei ya kutupa, katika duka la vitabu la chuo cha tiba cha Johns Hopkins, kwa dola 2. Mwaka 1975 Travis akafungua kituo huko Mill Valley, California. Hakikuwa hospitali. Aliyekwenda pale hakwenda kutibiwa, alikwenda kufundishwa kujitunza: ale nini, apumzikeje, aishi vipi na hasira zake. Alipewa dodoso la kujipima mwenyewe. Mwaka 1979 kituo hicho kikaonyeshwa kwenye kipindi cha televisheni, 60 Minutes, na Wamarekani wengi wakalisikia neno hilo kwa mara ya kwanza. Miaka hiyohiyo makampuni makubwa yakaanza kuwa na programu za afya za wafanyakazi. Johnson & Johnson ilikuwa miongoni mwa za mwanzo. Waajiri walikuwa wameona kwamba mfanyakazi mgonjwa ni gharama.

Katika safari hiyo, kutoka kanisani kwenda kituoni, kutoka kituoni kwenda kwenye kampuni, na kutoka kwenye kampuni kwenda kwenye simu, mtu alibaki na uchaguzi wake ukabaki. Mazingira yakasahaulika. Barua pepe ya saa 5 na dakika 40 usiku inaweza kunihimiza kulala mapema bila mwandishi wake kuona ajabu yoyote, kwa sababu usingizi wangu ni uchaguzi wangu na saa ya kutuma barua ni jambo jingine kabisa.

Nilidhani hadithi inaishia hapo. Halafu nikaenda kumsalimia bibi.

*

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona umekonda uso halafu tumbo liko palepale?"

Bibi yangu hana barua pepe wala haya. Ana umri wa miaka 75 au zaidi kidogo. Alizaliwa kabla watu wa kwao hawajaanza kuandika tarehe za watoto. Nilimweleza habari ya presha. Nilimweleza pia habari ya hatua, fulana na muuguzi. Alinisikiliza huku akitoa mawe kwenye mchele, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Na kikundi chenu kiliamua nini?"

"Kikundi gani, bibi?"

"Si umesema mlitangaziwa afya? Sasa mlipokaa, mliamua nini?"

Nikamwambia hatukukaa. Kila mtu na simu yake. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba kulikuwa na harusi na hakuna aliyepika.

Ndipo aliponihadithia mwaka 1973.

Kabla sijaendelea na maneno yake, niweke historia mahali pake. Mwaka 1967, wakati wa sensa, Tanzania ilikuwa na watu milioni 12 na ushee, na takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mei 1969 Mwalimu Nyerere alipeleka Mpango wa Pili wa Miaka Mitano kwenye mkutano mkuu wa TANU, akisisitiza kwamba kupanga ni kuchagua: nchi maskini haiwezi kufanya yote, kwa hiyo lazima iamue lipi lianze na lipi lisubiri. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima.

Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa inajaribu njia yake ya kuwafikia watu wengi kwa fedha kidogo: vikundi vya kusikiliza redio. Kampeni ya kwanza ilieleza mpango huo wa maendeleo, na jina lake lilikuwa hilohilo, Kupanga ni Kuchagua. Ya pili, ya uchaguzi mkuu wa 1970, iliitwa Uchaguzi ni Wako. Mwaka 1971 ikafuata Wakati wa Furaha, kwa miaka 10 ya uhuru. Tazama majina hayo mawili ya kwanza. Miaka kadhaa kabla Travis hajafungua kituo chake California, Radio Tanzania ilikuwa inawatangazia wakulima habari ya kuchagua. Lakini kuchagua kule kulikuwa kwa watu waliokaa pamoja.

Mwaka 1973 ikaja kubwa kuliko zote, Mtu ni Afya. Budd Hall, aliyekuwa mtafiti katika Taasisi hiyo na aliyeandika kuhusu kampeni hiyo, anaeleza kwamba viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa, na watu takriban milioni 2 wakashiriki kwa muda wa wiki 12. Utaratibu ulikuwa mwepesi. Kikundi kinasikiliza kipindi cha redio. Kiongozi anasoma sehemu ya kitabu inayohusu somo la siku hiyo, hata kama wengine hawajui kusoma. Kinajadili: je, ugonjwa huu uko kwetu? Unasababishwa na nini hapa kwetu? Kisha kinaamua kitafanya nini kabla ya kukutana tena. Masomo yalikuwa malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu.

Kikundi cha bibi kilikaa chini ya mkwaju. Redio ilikuwa ya mwalimu, na kiongozi alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, ambaye bibi anasema alikuwa na sauti nzuri na viatu vibovu. Bibi alikuwa ameolewa, ana mtoto mmoja mgongoni. Huyo mtoto ni mjomba wangu mkubwa.

"Tulianza na maji," alisema. "Wavulana walikuwa wanakojoa damu, tukasema wanakua. Hata wao walijisifu. Siku hiyo redio ikasema ni kichocho, kinatoka lamboni wanakoogelea. Watu walinyamaza kabisa. Kila mama alikuwa anamhesabu wa kwake."

Lakini somo analolikumbuka zaidi ni la choo.

Wakati huo watu walikwenda porini. Redio ilisema kila kaya ichimbe choo cha shimo. Wanaume wakatikisa vichwa kukubali, na bibi anasema angetazama mtu asiyejua mila angedhani jambo limekwisha. Halikuwa limekwisha. Kulikuwa na kitu ambacho hakuna aliyetaka kukitaja: mkwe. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawawezi kuingia shimo moja. Mtu alikuwa tayari kuugua tumbo mwaka mzima kuliko kukutana na mkwewe mlangoni mwa choo. Redio haikulisema hilo. Kitabu hakikulisema. Wizara isingeweza kulijua.

"Nani alilisema?" nikauliza.

Bibi akacheka, akaendelea kutoa mawe kwenye mchele. "Mimi. Nikiwa nimemgeukia mwenzangu kama namwambia yeye peke yake, lakini kwa sauti ya watu wote kusikia. Nilisema, sisi wake za watu tutaendelea kwenda porini, maana choo cha baba si chetu. Baba mkwe alikuwa amekaa hatua tano kutoka nilipo. Alitazama juu mtini kama anatafuta ndege."

Kikundi kilikaa mpaka jioni. Uamuzi wao ulikuwa mashimo mawili kwa kila boma lenye mkwe, moja upande wa wakubwa na moja upande wa wake za watoto, na wanaume wachimbe kwa zamu, boma kwa boma, ili asiye na mtoto wa kiume asibaki nyuma. Ndani ya wiki tatu walikuwa wamemaliza. Nchi nzima, kwa makadirio ya waliofuatilia kampeni, vilichimbwa vyoo laki kadhaa mwaka huo.

Nikiwa nimekaa kwenye kigoda nilianza kuelewa kwa nini aliniuliza kikundi chetu kiliamua nini. Kwa bibi, kujua kwamba choo ni kizuri hakukuwa kuchagua. Walijua siku ya kwanza redio iliposema. Kuchagua kulianza pale jambo lililokuwa likiwazuia lilipotajwa mbele ya watu, na watu wakagawana kazi ya kuliondoa. Mtu mmoja mmoja, kila mmoja na nia yake njema, wangeendelea kwenda porini mpaka leo.

*

Ningependa kuishia hapo, kwa sababu ni hadithi inayopendeza na ni ya kwetu. Bibi hakuishia hapo.

Mwaka huohuo wa 1973, mwezi Novemba, Serikali ilitangaza kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena. Kabla ya mwisho wa 1976 kila mtu wa vijijini awe amehamia kwenye kijiji kilichopangwa. Miaka ya nyuma watu walikuwa wakishawishiwa. Sasa ilikuwa operesheni. Mamilioni ya watu walihamishwa, wengi kwa malori, na sehemu nyingine nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi. Mkoa wa Shinyanga zamu yake ilikuwa 1974. Wasukuma walizoea kuishi kila boma na eneo lake, ng'ombe wakiwa karibu na mashamba yakizunguka nyumba. Wakapangwa kwa mistari, kando ya barabara.

"Walikuja asubuhi," bibi alisema. "Tulipakia mahindi, kuku, magodoro mawili, mlango wa nyumba. Babu yako aling'oa mlango kwa sababu mbao zilikuwa ghali. Nikamwambia, na choo je? Akanijibu, choo hakihami."

Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayekumbuka mzaha wa marehemu mumewe. Lakini mimi nilipigwa na jambo lile. Watu walewale, mwaka mmoja tu baada ya kukaa chini ya mkwaju na kuamua kwa midomo yao wenyewe, waliambiwa wapande lori bila kuulizwa neno. Na Serikali ni ileile. Mkono uliowapa redio na kitabu na nafasi ya kujadili ndio uliowapakia. Sijui kama waliopanga operesheni walikumbuka vyoo laki kadhaa vilivyokuwa na miezi michache tu tangu vichimbwe. Kijana mwenye viatu vibovu alihamishiwa kijiji kingine. Kikundi hakikukutana tena.

"Huko mlikohamia mlichimba?" nikauliza.

"Tulichimba. Mgambo alipita kuhesabu. Asiye na choo alipigwa faini. Tukachimba mashimo mafupi ya kumridhisha mgambo, mengine hayakuingiwa na mtu." Akanyamaza. "La kwetu lilikuwa refu. Mimi nilikuwa nimeshaona mtoto wa jirani akifa kwa kuhara, na nilikuwa nimesikia redio. Lakini la mkwe hakuna aliyelizungumza tena. Nilikwenda usiku, wakilala."

Alikwenda usiku kwa miaka 6, mpaka baba mkwe alipofariki.

Hapo ndipo penye somo nililolifuata kutoka Dar es Salaam, ingawa bibi hakuliita somo. Shimo la kwanza lilikuwa afya. Shimo la pili lilikuwa amri, na amri ilizaa mashimo mafupi. Tena kati ya mashimo hayo mawili hakuna aliyekuwa amebadilika nia. Kilichobadilika ni kama waliulizwa au hawakuulizwa.

*

Dunia iliyaona yaliyotendeka Tanzania, angalau upande wake mzuri. Mwaka 1975 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu kilichohaririwa na Kenneth Newell, Health by the People, chenye sura juu ya ujamaa na afya vijijini Tanzania, kando ya mifano ya China, Cuba na kwingineko. Septemba 1978 wajumbe wa nchi 134 walikutana Alma-Ata, katika Kazakhstan iliyokuwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti, wakatamka kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga afya yao. Walilenga afya kwa wote ifikapo mwaka 2000.

Fikiria miaka hiyo kwa pamoja. Mwaka 1975 California mtu anapewa dodoso, anajipima mwenyewe, anakwenda nyumbani na majibu yake. Mwaka huohuo Tanzania inazindua kampeni nyingine ya redio, Chakula ni Uhai, watu wanakaa tena kwa vikundi. Yalikuwa majibu mawili kwa swali moja: mtu asiyeumwa anahitaji nini ili awe mzima kweli? Jibu la kwanza ndilo lililofika kwenye simu yangu. La pili lilichoka njiani. Vita vya Kagera, bei ya mafuta, madeni, na miaka ya 1980 ya kupanga foleni ya sabuni viliikausha Serikali iliyokuwa ikichapisha vitabu na kulipia vipindi. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ukaanza katika hospitali za Serikali. Tangu hapo mgonjwa anaulizwa kwanza amebeba nini mfukoni.

Sitaki kudai kwamba enzi ile ilikuwa bora. Bibi mwenyewe hataki. Nilipomuuliza angependa turudi kule, alisema angependa redio irudi, lori hapana.

*

Lugha yetu ina neno ambalo barua pepe ya ofisini haikulitumia. Ilisema ustawi, ilisema afya, neno tulilolipata kwa Waarabu karne nyingi zilizopita na ambalo sasa ni letu kabisa. Haikusema uzima. Mzima ni asiyeumwa. Mzima ni aliye hai. Kitu kizima ni ambacho hakijavunjika wala kumegwa. Na mtu mzima ni aliyevuka utoto, anayeweza kukaa na wenzake na neno lake likasikilizwa. Ile taasisi iliyoendesha kampeni ya 1973 ilikuwa na maana zote hizo kwenye jina lake, Elimu ya Watu Wazima, na bibi siku ile chini ya mkwaju alikuwa mzima kwa kila maana: hakuumwa, hakumegwa, na alisema.

Nikajiuliza mimi ni mzima kwa maana ngapi. Ofisini kwetu jambo la mkwe lilikuwapo pia. Kila mtu alilijua, hakuna aliyelitaja. Lilikuwa kundi la WhatsApp la kazi, ambalo ujumbe wake ulianza saa 11 alfajiri na kukoma saa 6 usiku. Tulinunua chai ya kutuliza mawazo. Tulipakua programu za kupumua. Mmoja wetu alikuwa anameza vidonge vya usingizi. Tulikuwa na nia njema, na tuliendelea kwenda porini.

Niliporudi Dar es Salaam nilifanya mambo mawili. La kwanza lilikuwa langu peke yangu: nilikwenda kliniki, nikaanza dawa ya presha, kidonge kimoja kila asubuhi, nikapunguza chumvi na chipsi za usiku. Siyadharau hayo. Hakuna kikundi kinachoweza kunimezea kidonge, na bibi pia alichimba shimo refu wakati wenzake wakichimba mafupi. Kuna sehemu ya uzima ambayo ni ya mtu mwenyewe, na akiikwepa hakuna wa kumlaumu.

La pili, niliwaalika wenzangu watatu wa idara yetu kula chakula cha mchana nje ya ofisi, kwa mama ntilie wa mtaa wa pili. Wali, maharage, mchicha. Niliwahadithia habari ya mkwaju. Walicheka sana kuhusu baba mkwe kutafuta ndege. Kisha mmoja, yule wa vidonge, akasema bila kuinua macho kwenye sahani: "Mimi simu ikilia usiku natetemeka mikono." Hakuna aliyecheka tena. Tukakubaliana kukutana pale kila Alhamisi. Alhamisi ya tatu tukaandika barua, sahihi nne, tukiomba kwamba jambo lisilo la dharura lisitumwe baada ya saa 3 usiku, na tukapendekeza sisi wenyewe namna ya kugawana zamu kwa yale ya dharura.

Hatukujibiwa kwa wiki sita. Kisha tukaitwa mmoja mmoja. Niliulizwa kama nina furaha na kazi yangu. Nikasema ninaipenda kazi, na nikarudia kilichoandikwa kwenye barua. Mwezi uliofuata ujumbe wa usiku ulipungua, haukukoma. Mkataba wangu ulipokwisha haukuhuishwa. Wenzangu watatu bado wapo, na Alhamisi bado wanakula kwa mama ntilie. Sasa wako saba.

Nilimpigia bibi simu kumweleza kwamba sina kazi. Nilitegemea pole. Aliuliza presha ni ngapi. Nikamwambia wiki hiyo ilikuwa 128/84.

"Na wale wenzako," akasema, "choo wamebaki nacho?"

Nikasema ndiyo, kidogo, nusu shimo.

"Haya," akasema. "Basi kesho unaanza kuchimba ulipo."